Anayetolewa Harudi

Usiku wa kuamkia leo niliota niko uani pale klabuni, jua la saa sita, nafua jezi. Hilo halikunishangaza, ndiyo kazi yangu. Kilichonishangaza kidogo ni povu. Lilikuwa halitoki kwenye sabuni, linatoka kwenye jezi zenyewe, kama vile kuna mtu anapumua chini ya maji.

Nikachukua namba sita, jezi ya nahodha Nkwabi, nikaanza kuikamua.

"Polepole shingoni, Mzee Luhende," jezi ikasema. "Leo tunacheza."

"Mnacheza Jumapili," nikaiambia.

"Leo ndiyo Jumapili."

Nikatazama jua. Kweli lilikuwa la Jumapili. Nikaiacha shingo, nikakamua mikono.

Timu yetu ni Jineri Stars. Jineri lenyewe la pamba lilifungwa zamani, jina likabaki kwa sababu hakuna aliyekuja kulichukua. Tuko wa pili kutoka mkiani na imebaki mechi moja. Tukifungwa tunashuka daraja. Kocha Nderingo alikuja na mfumo wake wa mabeki watatu, aliupata kwenye kozi, na nahodha Nkwabi anasema mfumo ule unataka mtu mwenye mapafu manne. Wiki ya tatu sasa hawasemeshani. Wanaongea kupitia mimi. Wanasimama hatua moja tu, huyu hapa na huyu hapa, halafu kocha ananiambia, "Mzee, mwambie nahodha winga wake asipande." Nahodha naye ananijibu mimi, "Mzee, mwambie kocha nimesikia, na atapanda." Mimi darasa la nne niliishia, lakini najua nyumba ambayo baba na mama wanaongea kupitia mtumishi inaelekea wapi. Juu yao yuko mwenyekiti Bundala, ambaye hajui kama ndani ya mpira mna upepo au mna pamba.

"Mzee," jezi ikasema tena, sasa kwa sauti ndogo. "Leo usisimame karibu na mstari."

"Mstari upi?"

Nikaikamua tena, yakatoka maji tu.

Nikainua ndoo. Nilipoiweka chini nilikuwa mbele ya chumba cha kubadilishia nguo, kule uwanjani, na timu yote imepanga foleni nje. Nikataka kufungua mlango.

"Kwa hapa hapana," mlango ukasema. "Kamati ya ufundi imenikataza."

Kwetu kamati ya ufundi ni ile inayoshughulikia mambo ambayo hayakuwemo kwenye kozi ya kocha. Siku ya mechi kubwa hakuna kupita mlangoni, maana wapinzani huenda wameshamwaga vitu vyao pale kizingitini. Watu wazima, wengine wana watoto wanne, wanaingia kwa dirisha, tena kinyumenyume. Nimeyaona hayo miaka kumi na tisa.

"Basi sisi tunapita wapi?" nikauliza.

"Mimi nimeambiwa nisipitishe mtu," mlango ukasema. "Hata mimi mwenyewe sijapita."

Dirisha lilikuwa na ukubwa wa mkate. Tukapita wote. Kipa alitanguliza glovu, akafuata yeye.

Ndani, Kocha Nderingo amesimama kwenye ubao wake wenye vile vitufe vya sumaku. Anasogeza kitufe, na mtu anasogea. Anakisukuma kushoto, na beki wa kushoto anateleza kwenye sakafu kwa makalio mpaka ukutani, mkononi bado ana kikombe cha uji. Hakuna anayecheka. Beki akaniomba nimkune mgongo, kwa kuwa mkono wake wa kulia umepangiwa nafasi ya mtu mwingine na haruhusiwi kuutoa.

"Mzee," akasema nahodha Nkwabi, macho kwangu, "mwambie kocha sisi siyo vitufe."

Nikamgeukia kocha. "Anasema wao siyo vitufe."

"Mwambie mfumo haujadiliwi," akasema kocha, na akakisogeza kitufe namba sita taratibu kuelekea ukingo wa ubao. Nahodha akaanza kuteleza kuelekea dirishani. Akashika mguu wa meza. Meza nayo ikateleza.

"Mwambie," nahodha akasema, anahema, "kwamba akinitoa mimi, na wale wengine hawachezi."

"Kocha, anasema ukimtoa yeye—"

"Nimesikia. Mwambie sijasikia."

Kikapigwa king'ora. Kuta zikalala chini, moja moja, kama vipande vya boksi, na tukawa tuko katikati ya uwanja.

Mechi imeshaanza. Tumefungwa bao moja. Hakuna aliyeliona likiingia, lakini ubao wa matokeo ulikuwa nalo, na ubao wa matokeo haubishiwi. Wapinzani wetu ni kumi na mmoja na wote wametupa mgongo. Wanakimbia kwa mgongo, wanapokea pasi kwa mgongo. Jukwaani watu wamejaa na hawapigi kelele. Nyuma ya goli letu kuna ngazi za saruji zinazoshuka chini ya ardhi, na timu zilizoshuka miaka iliyopita bado zinashuka, pole pole, wachezaji wamebeba magodoro kichwani. Mmoja akaniuliza kama nina kiberiti. Nikasema sina. Akasema haya, wataulizia chini.

Dakika ya ishirini kocha akafanya mabadiliko. Akamtoa winga wetu, Shija, yule aliyekuwa akipanda.

Shija akatoka vizuri tu, anapiga makofi kwa mashabiki kama wanavyofundishwa. Akafika kwenye mstari wa chokaa. Akavusha mguu wa kulia. Jezi ikaanguka.

Jezi tu. Ndani yake hamna mtu. Ikatua kwenye chokaa ikiwa bado na umbo la mabega, halafu mabega yakashuka.

Nikakimbia kuiokota, maana jezi ni mali yangu, zikipotea naulizwa mimi. Ilikuwa na joto. Nimeishika hivi, joto likawa linaisha mkononi mwangu, linaisha, mpaka ikawa baridi kama nguo iliyolala kwenye kamba. Jukwaani mama yake Shija alikuwa bado anapiga makofi. Akamwinamia mwenzake nikamsikia anauliza, "Hivi tunampigia nani?"

Nikamwendea mwamuzi. Ni mtu mfupi mwenye kitabu kidogo kifuani.

"Huyu kijana kaenda wapi?"

"Ametolewa."

"Najua ametolewa. Nauliza yuko wapi."

Akafungua kitabu, akalamba kidole. "Mchezaji aliyetolewa harudi uwanjani," akasoma. Akakifunga. "Hayo ndiyo yaliyoandikwa. Yuko wapi halijaandikwa."

Wachezaji walikuwa wamesikia. Nikaona wanavyosogea, mmoja mmoja, kutoka pembeni kwenda katikati, mbali na mistari. Beki wa kushoto akawa anacheza duarani. Kipa aliacha goli akaja kusimama nasi.

Sasa tuko kumi, na aingie mtu. Kocha akageukia benchi. Wale wa akiba walikuwa wamekaa msimu mzima bila kuinuliwa, na sasa hawakuinuka. Nikaenda kuwagusa. Walikuwa mbao. Mapaja yao yameungana na benchi, mtu huwezi kujua linaishia wapi na wanaanzia wapi. Mmoja aliweza bado kupepesa macho. Akapepesa, nikamfuta vumbi.

"Mzee," akasema kocha, "vaa wewe."

"Mimi nafua."

"Kwenye mfumo wangu kila mtu anacheza."

Jezi iliyobaki kwenye ndoo ilikuwa ile isiyo na namba. Namba za Jineri Stars alikuwa akizishona mke wangu, Mbuke, kwa mkono, kwa uzi mara mbili. Hii hakuifikia. Aliiacha imekunjwa juu ya cherehani mwezi wa tatu, akaenda kulala kidogo kwa sababu kifua kilikuwa kinabana. Nikaivaa. Ilinitosha, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu ilikatwa kwa kipimo cha kijana.

Nikaingia uwanjani. Naambiwa nikabe, nakaba. Namkaba mgongo wa mtu ambaye simwoni uso. Nanusa sabuni kwenye shati lake, ni sabuni yetu, ya mche, na sitaki ageuke. Namwomba Mungu asigeuke.

Dakika zinaenda. Bado ni moja bila. Magodoro yanashuka nyuma ya goli.

Mwenyekiti Bundala akashuka kutoka jukwaani na kiti chake cha plastiki, akakiweka palepale kwenye mstari, upande wa nje, akakaa.

"Mtaalamu amepiga simu," akasema. Mtaalamu ndiye yule mganga wao wa kamati. "Anasema tunashuka, labda atoke mtu mmoja zaidi. Nani, yeye hajali."

Kocha akanitazama. "Mzee, mwambie nahodha atoke."

"Nahodha, kocha anasema utoke."

"Mwambie atoke yeye na ubao wake."

"Kocha, anasema—"

"Mwambie mimi siko uwanjani, siwezi kutoka mahali ambapo sipo."

"Mwambie huo ndio ukweli wa kwanza kuusema tangu aje."

Nilikuwa nageuza shingo huku na huku mpaka ikaniuma. Halafu nikaona nimegeuka na hakuna aliyeniambia kitu. Kocha anamtazama nahodha. Nahodha anamtazama kocha.

"Nkwabi," akasema kocha. Wiki tatu hakulitaja hilo jina.

"Naam, kocha."

"Unaonaje?"

"Naona kama wewe."

Wakanitazama wote wawili. Ukisikia watu wazima hawasemeshani, usiombe wapatane. Siku waliyosemeshana, walipatana juu yangu.

"Nimeingia sasa hivi," nikasema.

"Ndiyo maana una nguvu ya kutembea," akasema kocha. "Wengine wamechoka."

"Nani atafua?"

"Tukishuka hakuna cha kufua, mzee wangu," akasema nahodha, na akaniwekea mkono begani kwa upole kabisa. Nilimfulia huyu tangu yuko timu ya watoto.

Mwamuzi wa akiba akainua kile kibao chake cha taa. Kwa kawaida huwa na namba nyekundu ya anayetoka na namba ya kijani ya anayeingia. Upande mwekundu haukuwa na kitu, taa tupu, nyekundu, na uwanja mzima ukajua ni mimi. Upande wa kijani nao haukuwa na namba.

"Anaingia nani?" nikauliza. "Benchi ni mbao."

"Usijali," akasema mwenyekiti kutoka kwenye kiti chake. "Tunaye mmoja. Tulimtoa mwezi wa tatu, lakini kwa huyu kamati imeongea na wakubwa. Hakuwa kwenye orodha ya wachezaji, kwa hiyo hatukuvunja sheria. Dakika ya sitini na nane. Yalikuwa mabadiliko ya kiufundi tu, mzee, hatukuwa na kitu na mama."

Mimi nakumbuka ilivyokuwa, na hii siyo ndoto. Gari la klabu lilikuwa limesimama pale uani. Mbuke alikuwa kwenye mkeka, anavuta pumzi kama anavuta kamba ya kisima kirefu. Nikasema mwenyekiti, hospitali. Akasema gari linakwenda kumchukua mtaalamu, safari ya saa mbili, tuna mechi kesho, mpe maji ya moto apumzike. Gari lilirudi jioni. Alishuka mzee mmoja na kifurushi chake, wakamfungulia mlango. Mke wangu nilikuwa nimeshamfunika. Msibani mwenyekiti alileta shada la maua la mviringo, limetengenezwa kama mpira.

Nikatazama nje ya mstari.

Alikuwa anapasha moto misuli. Mbuke. Kanga kaifunga kiunoni kwa kukaza, miguu peku, anakimbia hatua fupi fupi kwenda na kurudi kando ya uwanja, magoti juu, kama alivyoambiwa. Hakuwa anahema. Hilo ndilo nililoliona kwanza, kwamba kifua chake kilikuwa kimetulia kabisa, hakipandi wala hakishuki.

"Mzee, tembea," akasema mwamuzi. "Unachelewesha."

Nikatembea. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa na miguu inakwenda, kwa sababu kocha amekamata kitufe, kile kisicho na namba, na anakisogeza kwa kidole kimoja. Nawaza Nyamizi, binti yetu, atafurahi, atamkuta mama yake nyumbani. Nawaza pia kwamba Nyamizi atamwinamia mtu na kumuuliza, tunampigia nani. Nimebakiza hatua tatu. Mbili. Chokaa ilikuwa bado mbichi, inatoa mvuke.

"Baba Nyamizi," akasema Mbuke. "Hapohapo. Simama."

"Siwezi. Wananisukuma."

"Kaa chini basi. Wewe ukikaa hata ng'ombe hakuinui, nakujua."

Nikakaa. Kidole cha kocha kikanisukuma kwa nyuma, nikasogea kwa makalio kama yule beki, nyasi zinang'oka. Mguu wangu wa kushoto ukawa juu ya mstari. Kisigino ndani, vidole juu ya chokaa. Vidole sikuvisikia tena.

Mbuke akasogea mpaka tukawa uso kwa uso, yeye nje, mimi ndani. Akamtazama mwamuzi.

"Nisipoingia mimi?"

Mwamuzi akafungua kitabu, akalamba kidole, akapekua muda mrefu. "Mabadiliko yanakamilika," akasoma, "pale anayeingia anapokanyaga uwanja."

"Asipokanyaga?"

"Asipokanyaga hayajakamilika."

"Na huyu?"

"Huyu bado anacheza."

Mwenyekiti Bundala akainuka kwenye kiti cha plastiki. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ana haraka na jambo la mke wangu. "Mama, ingia, mechi inasimama. Watu wote hawa wanakungoja wewe."

"Nililingoja gari lako, mwenyekiti," Mbuke akasema. "Na wewe ningoje."

Akaweka miguu sawasawa nyuma ya chokaa, vidole vimegusa ukingo wake na havikuuvuka, akakunja mikono.

Kocha akabonyeza kitufe kwa viganja viwili. Nahodha akaja kumsaidia. Mwenyekiti naye. Wote watatu wameuinamia ubao, vichwa vimegusana, timu yenye umoja kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze, na mguu wangu unakwenda, kidogo, kidogo, kisigino kinaanza kufa. Mpinzani niliyekuwa namkaba yuko nyuma yangu sasa, na nasikia nyasi zikikwaruzwa. Anageuka.

"Usitazame nyuma," Mbuke akasema. "Nitazame mimi."

"Utasimama mpaka lini, Mama Nyamizi?"

"Wewe kaa tu."

Nikaamka.

Kumekucha, jua limeshaingia kwenye matundu ya bati. Nilikuwa nimekaa kitako sakafuni, mgongo kwenye kitanda, mguu wa kushoto umekufa ganzi hadi gotini. Nikaupiga piga mpaka ukarudi. Nikajiambia ni chakula cha jana. Nikaenda mlangoni, nikatoa komeo, nikafungua.

Mama Holo, jirani yangu, alikuwa nje na ufagio. Yeye ndiye hufagia ua wetu kila asubuhi kabla hatujaamka, na ua ulikuwa umefagiwa, mistari ya ufagio imelala vizuri kutoka kwake mpaka kwangu. Juu ya mistari hiyo, mbele kabisa ya kizingiti changu, kulikuwa na nyayo mbili za miguu peku, ndogo, za mwanamke. Zimesimama sambamba, vidole vinaelekea ndani, vimeishia palepale kizingiti kinapoanza. Hakukuwa na unyayo wa kuja. Hakukuwa na wa kuondoka.

"Shikamoo, Baba Nyamizi," akasema Mama Holo. Hakuwa ananitazama mimi. "Hizo nimezifagia mara mbili. Ya tatu fagia mwenyewe."

"Marahaba," nikasema. "Ziache tu, mama. Mwenyewe hajamaliza kusimama."